Michezo ya njozi ya kuigiza wahusika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kabla ya kununua

Ukurasa huu ni wa mtu anayetaka kutoa hela yake kwa mchezo wa njozi wa kuigiza wahusika mezani, na hataki kuitoa bure. Michezo ya aina hii imejaa sokoni, ya miaka ya sabini na ya juzi tu, na majalada yake karibu yote yanavutia. Majibu yaliyo hapa ni ya mtu anayeicheza na kuiongoza, kwa hiyo pale ninapoupenda mchezo mmoja kuliko mwingine nimesema wazi.

Mchezo wa kuigiza wahusika ni mchezo gani?

Watu watatu hadi sita wanakaa mezani. Mmoja ni mwongozaji. Yeye ndiye macho na masikio ya wenzake: anaeleza pango linanuka nini, nani yuko nyuma ya mlango, na ndiye anayewasemea majoka, walinzi wa lango na wachuuzi wote. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake, awe mpiganaji, mchawi, mwizi au kuhani, na kazi yao ni kusema mhusika huyo anafanya nini. Jambo lisilo na shaka linatokea tu. Lenye shaka linaamuliwa na dadu pamoja na kanuni.

Hakuna mshindi, wala si lazima kuwe na ubao. Kikao kimoja huchukua kama saa tatu au nne, na hadithi moja inaweza kuendelea kwa miezi, hata miaka. Unachonunua, basi, ni kitabu cha kanuni, pengine kisa kilichoandaliwa tayari, na dadu.

Ni lazima nianze na Dungeons & Dragons?

Si lazima, ingawa ndio uliozaa mingine yote. Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa mwaka 1974 kupitia kampuni ndogo iliyoitwa TSR, vijitabu vitatu ndani ya boksi moja, na waliotunga michezo iliyofuata karibu wote ama waliuiga ama walitunga yao kwa kutoridhika nao. Mwaka 1997 TSR ilinunuliwa na Wizards of the Coast. Toleo la tano lilitoka 2014, na vitabu vyake vikaanza kuandikwa upya 2024.

Ubora wake mkubwa leo ni watu. Ukitafuta wachezaji, huu ndio watakaokuwa wameusikia. Kasoro yake ni uzito: vitabu vikuu ni vitatu, kila kimoja kina kurasa zaidi ya 300, na wahusika wakishapanda ngazi, pambano moja linaweza kula nusu ya kikao. Mwongozaji mgeni hubeba mzigo huo peke yake, na wengi huishia kukata tamaa wakidhani hawakuzaliwa kuongoza, kumbe walianza na mchezo mzito kupita kiasi.

Kabla ya kununua hata kitabu kimoja, pakua kanuni zake za bure. Januari 2023, baada ya wachezaji na wachapishaji kupinga vikali mpango wa kubadilisha leseni ya zamani, ile iliyowaruhusu wengine kuchapisha kwa kutumia kanuni za mchezo huo, Wizards waliuweka waraka wa kanuni za msingi chini ya leseni ya Creative Commons, inayomruhusu yeyote kuutumia bure. Waraka huo unatosha kukuchezesha muda mrefu, na ndipo utakapojua kama vitabu vyenyewe unavihitaji.

Nitajuaje kama mchezo utanifaa kabla sijaununua?

Fungua ukurasa unaoeleza wahusika wanavyopata alama za uzoefu, zile zinazowapandisha ngazi na kuwaongezea nguvu. Acha kwanza picha, acha historia ya ulimwengu wake, acha orodha ya mazimwi. Wachezaji hufanya kile wanacholipwa, na ukurasa huo ndio unaotaja malipo.

Chukua mfano wa goblini, adui mdogo anayejulikana karibu kila mahali. Katika toleo la tano la Dungeons & Dragons, kwa hesabu ya alama za uzoefu, goblini mmoja ana alama 50, na mhusika anahitaji 300 kufika ngazi ya pili. Yaani goblini sita tu. Dhahabu haikupi alama yoyote. Sasa rudi kwenye toleo la Basic la mwaka 1981: goblini yuleyule ana alama 5, na mpiganaji anahitaji 2,000 kupanda ngazi. Angelazimika kuua goblini 400 peke yake. Lakini kila sarafu ya dhahabu anayoitoa pangoni na kufika nayo salama ni alama moja.

Hapo unaona michezo miwili tofauti kabisa, ingawa jina ni moja. Mezani kwa toleo la tano, mlango ukifunguka na goblini wakaonekana, panga zinachomolewa. Mezani kwa Basic watu wananong'onezana: tuwapite vipi? Tuwahonge? Tuwarushie nyama mbwa wao? Mchawi wa ngazi ya kwanza ana uhai wa alama nne kwa bahati njema, na upanga mmoja unaweza kumtoa nane. Hakuna anayetaka pambano lisilo na faida.

Michezo mingine inalipa kwa namna nyingine. RuneQuest haina ngazi: ukifanikiwa kutumia ujuzi katika hali ya hatari, unauwekea alama, na baadaye unarusha dadu kuona kama umeongezeka. Dungeon World, wa mwaka 2012, unakupa alama ukishindwa, kwa hiyo wachezaji hujaribu mambo ya kijasiri bila woga. Ironsworn unalipa viapo vilivyotimizwa. Pendragon unahesabu utukufu wa shujaa wako. Soma ukurasa huo, kisha waangalie watu utakaocheza nao. Kama rafiki zako wanapenda kupigana na kupanga mbinu, usiwaletee mchezo unaowalipa kwa kutimiza nadhiri, hata uwe umesifiwa namna gani.

Ukimaliza hapo, angalia mambo mawili mengine: karatasi ya mhusika, kwa sababu huonyesha haraka mchezaji atakuwa na vitu vingapi vya kukumbuka, na sura ya mwongozaji. Sura nzuri inakuambia uandae nini kwa kikao cha kwanza. Ile inayokupa nasaha tupu kuhusu usimulizi bora, bila jedwali hata moja wala mfano, itakuacha peke yako usiku wa kuamkia siku ya mchezo.

Michezo ya zamani bado inafaa kununuliwa?

Ndiyo, na kwa maoni yangu baadhi yake haijapitwa. Mambo mengi yanayouzwa leo kama uvumbuzi utayakuta kwenye vitabu vilivyotoka kabla ya 1990.

Wa kwanza ni huo Basic wa 1981, uliohaririwa na Tom Moldvay, pamoja na mwenzake Expert wa David Cook. Viwili hivyo kwa pamoja ni vyembamba, vimeandikwa kwa lugha iliyonyooka, na vinakuonyesha hatua kwa hatua namna ya kuchora pango na kulijaza. Ukitaka kanuni zilezile zikiwa zimepangwa vizuri zaidi, nunua Old-School Essentials wa Gavin Norman, uliotoka 2019. Hakubadilisha karibu chochote. Alichofanya ni kupanga: jambo linaloanza kwenye kurasa mbili zinazotazamana linaishia hapohapo, na unalipata kwa sekunde chache wakati watu wanakusubiri. Toleo fupi la msingi linapatikana bure kama PDF.

RuneQuest ulitoka 1978 kwa kampuni ya Chaosium. Hauna tabaka za wahusika, hakuna mtu anayekatazwa kushika upanga kwa sababu ni mchawi, na karibu kila mtu anajua uchawi kidogo. Ujuzi wote uko kwa asilimia, kwa hiyo mgeni anauelewa papo hapo: una 65 kwa mkuki, rusha 65 au chini. Pigo linatua kwenye kiungo maalumu cha mwili, na mtu anaweza kupoteza mguu katika pambano la kwanza. Ulimwengu wake, Glorantha, uliobuniwa na Greg Stafford, umejengwa juu ya ukoo, matambiko, mizimu na miungu inayodai chako. Kwa mtu aliyechoshwa na ngome na wafalme wa Ulaya, hapa kuna hewa nyingine. Toleo la 2018 ni zuri kwa sura na kwa maandishi, ila linataka subira. Mapambano yake yana hesabu nyingi.

Stafford huyohuyo ndiye mtunzi wa Pendragon, 1985, mchezo wa mashujaa wa Mfalme Arthur ambamo kila mwaka wa hadithi una msimu wa baridi wa kuoa, kuzaa na kuzeeka, na ukifa unaendelea na mwanao. Sijaona mchezo mwingine unaoufanya muda uume namna ile.

Halafu Warhammer Fantasy Roleplay, 1986, toka Uingereza kwa Games Workshop. Huanzi ukiwa shujaa. Unaanza ukiwa na kazi, na kazi yenyewe inaweza kuwa mkamata panya mwenye kimbwa kidogo kikali. Miji yake imejaa tope, rushwa na magonjwa, na uovu mkubwa umejificha kwa watu wenye heshima zao. Toleo la nne limetolewa na Cubicle 7 mwaka 2018. Kanuni zake zina vipengele vingi kuliko ninavyopenda, lakini hadhira yake inaupenda kwa dhati na ninaelewa kwa nini.

Tunnels & Trolls wa Ken St. Andre, 1975, ni mwepesi na unatumia dadu za kawaida za pande sita. Nautaja tena chini, kwenye swali la kucheza peke yako.

Na mipya, ipi imenivutia kweli?

Shadowdark wa Kelsey Dionne, 2023, ndio ninaoupendekeza kwa watu wanaojua toleo la tano na wamechoka na uzito wake. Dadu ni zilezile, sifa za mhusika ni zilezile, lakini umekatwa hadi kwenye mfupa. Kanuni yake maarufu ni ya mwenge: mwenge unawaka saa moja, saa ya kweli ya ukutani. Mwongozaji anaweka kengele kwenye simu kikao kinapoanza, na hakuna mhusika hata mmoja anayeweza kuona gizani. Ukiuchezesha utaona jambo hili: dakika arobaini zikishapita, watu wanaacha porojo. Anayebeba mwenge anageuka kuwa mtu muhimu kuliko mwenye upanga. Mtu anauliza, "Imebaki mingapi?" na wote wananyamaza kusubiri jibu. Kanuni ya sentensi mbili imefanya kazi ambayo vitabu vingine vinaifanya kwa sura nzima.

Daggerheart, 2025, wa Darrington Press, unaelekea upande wa pili kabisa. Unarusha dadu mbili za pande kumi na mbili, moja ya Tumaini na moja ya Hofu. Unazijumlisha kujua kama umefaulu, kisha unaangalia ipi ni kubwa: Tumaini ikizidi unapata akiba ya kutumia, Hofu ikizidi mwongozaji ndiye anayepata. Kwa hiyo unaweza kufaulu na bado mambo yakaharibika, au kushindwa na bado ukabaki na kitu mkononi. Uwezo wa mhusika umeandikwa kwenye kadi. Unawafaa wanaopenda hisia, urafiki wa wahusika na hadithi ndefu. Wanaotaka kuhesabu mienge na kamba hawatafurahi.

Mörk Borg, 2020, wa Uswidi, ni kitabu cha manjano na cheusi ambacho kila ukurasa wake umechorwa kama bango. Ulimwengu wake unakufa. Bishara mbaya zinatimia moja baada ya nyingine, na ya saba ikitimia mchezo umekwisha na kitabu kinakuagiza ukichome moto. Kanuni ni chache mno. Nunua kwa ajili ya uzuri wake na vikao vichache vya giza. Kwa hadithi ya mwaka mzima sikushauri.

Mausritter wa Isaac Williams, 2020, kila mhusika ni panya, na paka ni kama joka. Vitu unavyobeba ni vipande vya karatasi unavyovipanga kwenye visanduku vya karatasi yako, na njaa au woga nao ni kipande kinachochukua nafasi. Ukiogopa na visanduku vimejaa, unalazimika kutupa kitu. Mtu hafundishwi mara mbili.

Dungeon Crawl Classics, 2012, si mpya tena, ila wengi bado hawajauonja. Kila mchezaji anaanza na wahusika kadhaa wasio na ngazi yoyote, wakulima na mafundi, mmoja ana uma wa kupindulia nyasi, mwingine ana kuku. Wote wanaingizwa kwenye pango la kutisha. Wengi watakufa. Atakayetoka hai ndiye shujaa wako, na tayari ana historia ambayo hukuhitaji kuiandika.

Pathfinder una tofauti gani na Dungeons & Dragons?

Kampuni ya Paizo iliutoa 2009 ikiendeleza kanuni za toleo la 3.5 la Dungeons & Dragons baada ya Wizards kuhamia toleo la nne. Toleo la pili, 2019, lilisimama kwa miguu yake, na 2023 likaanza kuchapishwa upya bila vitu vilivyotegemea leseni ya zamani. Kila mtu ana vitendo vitatu katika zamu yake, jambo linalofanya mbinu za vita ziwe tamu. Kanuni zake zote ziko bure na kihalali kwenye tovuti ya Archives of Nethys, kwa hiyo hakuna sababu ya kununua kabla ya kujaribu. Ni mchezo wa wanaopenda kujenga mhusika kwa makini, uamuzi juu ya uamuzi. Kama kundi lako hulalamika kuhusu kusoma, acha.

Ninunue visa vilivyoandaliwa au nitunge mwenyewe?

Cha kwanza nunua. Kutunga utatunga tu, lakini kisa kizuri kinakufundisha kuongoza kuliko sura yoyote ya maelekezo.

The Keep on the Borderlands, kisa cha Gygax cha Dungeons & Dragons, kiliwafundisha watu wengi sana, kwa sababu kiliwekwa ndani ya boksi la waanzaji. Kuna ngome salama upande mmoja, mapango upande mwingine, na nyika katikati. Hakuna hadithi iliyolazimishwa. Wachezaji ndio wanaochagua waingie pango lipi na wakimbie lini. Ravenloft wa Tracy na Laura Hickman, 1983, ulileta kitu kingine: adui mmoja mnyonya damu mwenye kiburi na huzuni, na kadi zinazoamua kabla ya mchezo silaha za kumshindia zimefichwa wapi, hivyo kasri lilelile linachezeka upya. Kisa hicho kilipanuliwa kuwa kitabu kikubwa, Curse of Strahd, 2016, na ni miongoni mwa vitabu vya toleo la tano ninavyovisifu bila kusita. Tomb of Horrors, kwa upande wake, ni kaburi la mitego lililotungwa kuwaua wahusika wa wachezaji hodari. Lisome kwa kufurahia ujanja wake, usiwaingize wageni.

Ukitaka kupima kisa usichokijua, fungua chumba chochote katikati ya kitabu ujifanye wachezaji wameingia sasa hivi. Je, unaweza kusema wanaona nini ndani ya sekunde kumi? Kama aya ya kwanza inaeleza nani aliyejenga chumba miaka mia tatu iliyopita, na zimwi lililosimama katikati linatajwa aya ya nne, mwandishi aliandika kwa ajili ya msomaji wa kitandani.

Nina hamu lakini sina watu wa kucheza nao. Kuna cha kununua?

Kipo, na cha kwanza hakitaki hela. Ironsworn wa Shawn Tomkin, 2018, PDF yake ni bure, na umetungwa uchezwe peke yako, wawili bila mwongozaji, au kwa njia ya kawaida. Unarusha dadu ya pande sita, unaongeza sifa yako, unalinganisha na dadu mbili za pande kumi. Ukizishinda zote umefaulu, ukiishinda moja umefaulu kwa gharama, usipoishinda hata moja kuna balaa. Usipojua kinachofuata unaliuliza jedwali. Uandike kidogo unapocheza, hata mistari mitatu kwa tukio, vinginevyo hadithi inapotea.

Tunnels & Trolls ulitangulia mbali: kisa chake cha Buffalo Castle, 1976, kilikuwa cha kwanza kuchapishwa kwa ajili ya mchezaji mmoja, aya zenye namba na wewe unachagua uende ipi.

Sina hela kabisa kwa sasa. Nitapata nini cha maana bila kulipa?

Mengi, tena si mabaki. Cairn wa Yochai Gal uko bure kwenye tovuti yake, toleo la kwanza na la pili. Hakuna kurusha dadu kuona kama umempata adui: pigo linaumiza moja kwa moja, kwa hiyo vita ni vifupi na vya kutisha. Basic Fantasy wa Chris Gonnerman, uliotoka 2006, unatoa PDF zote bure, pamoja na visa vingi vilivyoandikwa na wapenzi wake. Worlds Without Number wa Kevin Crawford una toleo la bure ambalo karibu ni kitabu kizima, na majedwali yake ya kutengeneza falme, magofu na njama nayatumia hata ninapoongoza mchezo mwingine.

Michezo mingi ya kulipia nayo ina kijitabu cha kuonjea bure. Shadowdark unacho. Mörk Borg una maandishi yake bila michoro. Mchezo ambao hauna hata kurasa chache za kuonja, mimi huuweka mwisho wa foleni.

Dadu zipi zinahitajika?

Seti moja ya dadu saba inatosha michezo mingi: pande nne, sita, nane, kumi (mbili, kwa ajili ya asilimia), kumi na mbili na ishirini. Seti ya pili ni starehe. Dungeon Crawl Classics unataka pia za pande 3, 5, 7, 14, 16, 24 na 30, ila kitabu kinaeleza namna ya kuziigiza kwa dadu za kawaida.

Upi unafaa kwa watoto?

Mausritter. Kifo kipo, basi punguza ukali kama ni wadogo sana, na waache wapange vitu vyao kwenye visanduku wenyewe.

Nichangie mchezo ambao bado haujachapishwa?

Michezo mingi mizuri ya miaka hii imezaliwa kwa michango ya Kickstarter na majukwaa kama hayo, kwa hiyo sisemi usichangie. Changia pale ambapo kanuni za majaribio zinapatikana uzisome leo, na mtunzi amekwisha kufikisha kitu kingine mikononi mwa watu. Ukiona ahadi za vinyago, sarafu za chuma na sanduku la ngozi, na kanuni hazionekani popote, subiri kitabu kitoke. Kikiwa kizuri kitauzwa.

Kitabu au PDF?

PDF kwa kujaribu na kwa kutafuta neno haraka. Kitabu kwa mchezo unaouchezesha kila wiki. Kwa vitabu vya zamani, duka la mtandaoni la DriveThruRPG huuza nakala nyingi halali za kielektroniki za michezo ya miaka ya sabini na themanini, na baadhi huchapishwa ukiagiza. Hakuna haja ya kuuziwa nakala ya wakusanyaji kwa bei ya kukomoa. Angalia kwanza kurasa za mfano, kwa sababu baadhi ya nakala zilipigwa picha vibaya na majedwali hayasomeki. Mashirika ya Bundle of Holding na Humble Bundle huuza vifurushi vya PDF kwa bei ndogo. Onyo langu ni kwamba kifurushi cha vitabu ishirini usivyosoma ni ghali.

Nikiwa na uwezo wa kununua kimoja tu, ninunue kipi?

Boksi la Dragonbane, la kampuni ya Free League, 2023. Asili yake ni Drakar och Demoner wa Uswidi, 1982, ambao nao ulijengwa juu ya kanuni za Chaosium, kwa hiyo ni mjukuu wa RuneQuest, na bado unaweza kucheza ukiwa bata mwenye upanga na hasira. Ndani ya boksi kuna kitabu cha kanuni, kitabu cha visa 11 vinavyoungana kuwa kampeni moja, yaani hadithi moja ndefu, kijitabu cha kucheza peke yako, wahusika walioandaliwa, dadu, kadi, ramani na vinyago vya karatasi ngumu. Huhitaji kuongeza kitu.

Kanuni yake kuu ni rahisi: dadu ya pande ishirini, rusha namba ya ujuzi wako au chini. Moja ni joka, mambo yanakwenda vizuri ajabu. Ishirini ni pepo, mambo yanaharibika. Na ukipata joka au pepo, ujuzi huo unauwekea alama ya kujifunza, ufaulu ama ushindwe. Mwisho wa kikao unajibu pia maswali machache, ikiwemo kama umeshinda kikwazo bila kutumia nguvu, na kila ndiyo ni alama nyingine. Mazimwi hayakosi: yanapokushambulia mwongozaji anarusha dadu kwenye jedwali la zimwi lenyewe, na hajui mapema kama litang'ata, litanguruma au litakubeba juu, kwa hiyo naye anacheza. Fungua kitabu cha visa, soma kile cha kwanza mara moja, wape watu wahusika walioandaliwa, na mnaweza kucheza jioni hiyohiyo.